Uzi maalumu: Riwaya za kutisha zinazosomwa sasa, ambazo mizuka yake inatoka kwenye makaburi ya kweli

Mleta uzi

Wadau wa riwaya za kutisha, salaam. Anayefuatilia yale ambayo wapenzi wa fani hii wamekuwa wakipendekezana kwa miaka hii michache atagundua kwamba vitabu vingi vinavyotajwa tena na tena vimeunganishwa na jambo moja. Mzuka wa ndani yake una kwao. Inajulikana marehemu alifia wapi, nani alimtoa roho, nani aliyaona yote akanyamaza, na faili lilipotelea ofisi gani. Naamini kwamba hofu ya namna hii hukaa na msomaji muda mrefu kuliko hofu ya jini linalozuka kichakani bila asili wala sababu. Nimeleta uzi huu ili nivitaje vitabu vitatu ninavyovisimamia kwa moyo wote, kisha nanyi mlete vyenu.

Cha kwanza ni The Reformatory cha Tananarive Due, kilichotoka mwaka 2023 na kutwaa Tuzo ya Bram Stoker, tuzo ya vitabu vya kutisha, kwa riwaya bora ya mwaka huo. Kisa kinatokea Florida, Marekani, mwaka 1950. Robert Stephens, mtoto mweusi wa miaka 12, anampiga teke kijana wa Kizungu anayemsumbua dada yake Gloria, na kwa kuwa baba wa kijana huyo ni tajiri wa eneo lile, teke hilo moja linamfikisha Robert mahakamani na kumpeleka miezi 6 katika shule ya kurekebisha tabia. Robert ana jicho la kuwaona wafu, na shule hiyo imejaa wafu, wote wakiwa wavulana. Mkuu wa shule anapokigundua kipaji hicho, anaamua kukitumia kuinasa mizuka ya watoto waliofia mikononi mwake.

Msomaji akishafika hapo hudhani ameielewa hadithi, mpaka ajue kwamba shule hiyo ina asili yake. Katika mji wa Marianna, Florida, ilikuwapo shule ya serikali iliyojulikana kwa jina la Dozier, iliyofunguliwa mwaka 1900 na kufungwa mwaka 2011. Kwenye makaburi yake palikuwa na misalaba 31 ya chuma, lakini wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha South Florida walipochimba walikuta makaburi 55, mengine yakiwa nje kabisa ya eneo lenye misalaba. Mmoja wa wavulana waliofia pale, mwaka 1937, akiwa na miaka 15, alikuwa ndugu wa ukoo wa mwandishi mwenyewe, na jina lake lilikuwa Robert Stephens. Mwaka 2017 Bunge la Florida liliomba radhi rasmi, na mwaka 2024 jimbo likatenga dola milioni 20 za kuwafidia waliosalimika.

Kurasa zilizonitisha zaidi katika kitabu hiki hazina mzuka hata mmoja. Ni zile za Gloria, binti ambaye bado hajawa mtu mzima, anayezunguka kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine akitafuta atakayemtolea mdogo wake. Kila mlango anaougonga una mtu mwenye adabu, anayemsikiliza, anayemwonea huruma, na anayemweleza kwa nini haiwezekani. Mwandishi hakuharakisha sehemu hiyo, na alifanya vema, kwa sababu wakati Gloria anasubiri kwenye kiti cha ofisi, sisi tunajua Robert yuko chumba gani.

Cha pili ni The Buffalo Hunter Hunter cha Stephen Graham Jones, kilichotoka mwaka 2025. Jones ni mtu wa taifa la Blackfeet, wenyeji wa asili wa eneo ambalo leo ni jimbo la Montana, na hapa ameandika riwaya ya mnyonya damu ambayo sijaona mfano wake. Shajara inakutwa imefichwa ndani ya ukuta. Iliandikwa mwaka 1912 na mchungaji wa Kilutheri, na ndani yake kuna maungamo ya mtu wa Blackfeet aitwaye Good Stab, anayekuja kanisani kumsimulia mchungaji maisha yake, ambayo ni marefu kuliko umri wa binadamu yeyote. Nyuma ya maungamo hayo yapo mauaji ya kweli ya tarehe 23 Januari 1870, kando ya Mto Marias, ambapo jeshi la Marekani lilivamia kambi alfajiri, katikati ya baridi kali, na kuua watu wapatao 200, wengi wao wakiwa wanawake, watoto na wazee. Chifu wao, Heavy Runner, alitoka akiwa ameshika karatasi iliyothibitisha kwamba ni mtu wa amani, akapigwa risasi.

Naomba niwaonyeshe jambo moja tu, kwa sababu ndilo linalokibeba kitabu kizima. Mnyonya damu wa Jones hugeuka akafanana na kile anachokinywa. Akinywa damu ya wanyama kwa muda, anaanza kuwa na maumbile ya mnyama. Akinywa damu ya Wazungu, ndevu zinamwota na sura inaanza kuwa ya Kizungu. Ili abaki kuwa mtu wa kwao, hana budi kuwanywa watu wa kwao, walewale wachache waliosalia baada ya risasi, ndui na njaa iliyofuata kuangamizwa kwa nyati. Mwandishi hahitaji kututolea hotuba kuhusu ukoloni baada ya hapo. Kila mara Good Stab anaposhikwa na kiu, uamuzi uleule unarudi, na hakuna namna ya kuufanya bila kupoteza kitu kisichorudi.

Cha tatu ni Our Share of Night cha Mariana Enriquez wa Argentina, kilichotoka kwa Kihispania mwaka 2019, kikashinda Tuzo ya Herralde ya riwaya za Kihispania mwaka huohuo, kisha kikatafsiriwa kwa Kiingereza na Megan McDowell. Mwaka 1981 baba mgonjwa wa moyo, Juan, anasafiri kwa gari na mwanawe mdogo, Gaspar, kutoka Buenos Aires kwenda kaskazini. Juan ni kiti cha nguvu inayoitwa Giza, na wanaolitumikia Giza hilo ni familia tajiri zenye mashamba makubwa, zinazotaka kuishi milele. Juan anajua kwamba mwili wake unakwisha, na kwamba mabwana zake wanamtazama mtoto. Yote hayo yanatokea chini ya utawala wa kijeshi uliodumu kuanzia 1976 hadi 1983, wakati watu walichukuliwa majumbani usiku na hawakuonekana tena. Tume ya taifa iliyotoa ripoti mwaka 1984 iliorodhesha karibu watu 9,000 waliotoweka, na mashirika ya haki za binadamu yanataja 30,000. Katika nchi ya namna hiyo, anatuonyesha Enriquez, familia yenye madhehebu ya damu haihitaji kujisumbua sana kuficha maiti.

Kitabu hiki ni kinene na kina mateso ya watoto, kwa hiyo asiyeyaweza mambo hayo asijilazimishe.

Mchangiaji, Mombasa

Mleta uzi, shukrani kwa uzi wenye nyama. Hata hivyo naomba kutofautiana nawe katika msingi wa hoja yako. Historia inaweza kuongeza uzito, lakini haiwezi kumtisha msomaji kama mwandishi hajui kuficha. Mimi nawapendekezea wanaoanza warudi kwenye hadithi fupi ya W. W. Jacobs, The Monkey's Paw, ya mwaka 1902, ambayo inasomwa kwa muda wa kunywa chai na ambayo haina makaburi ya kihistoria ndani yake.

Mzee White na mkewe wanaachiwa mkono mkavu wa nyani unaotimiza maombi 3. Wanaomba pauni 200. Kesho yake anafika mtu kutoka kiwandani anakofanya kazi mtoto wao Herbert, anasitasita mlangoni, kisha anawaeleza kwamba kijana amenaswa na mashine. Kampuni haikubali kwamba ina kosa lolote, lakini kwa kuuthamini utumishi wa marehemu inatoa kifuta machozi. Mzee anauliza ni kiasi gani. Ni pauni 200.

Siku kadhaa baada ya mazishi, usiku, mama anamlazimisha mumewe aombe mtoto arudi. Muda unapita, mshumaa unazimika, na ndipo mlango wa mbele unapogongwa. Mama anashuka mbio. Tunasikia mnyororo ukilegezwa na komeo la chini likivutwa. Komeo la juu halifikii, kwa hiyo anaburura kiti ili apande. Baba yuko chumbani, amepiga magoti gizani, anapapasa sakafu kuutafuta ule mkono ili aombe ombi la mwisho kabla mlango haujafunguliwa. Anaupata. Anaomba. Hodi inakatika, mlango unafunguka, na nje kuna barabara tupu na taa ya mtaa. Herbert hatumwoni hata kidogo. Tunachokijua ni kwamba mashine ilimharibu, na kwamba amekaa kaburini siku kadhaa, basi sura yake kila msomaji anaitengeneza mwenyewe.

Shirley Jackson aliijua kanuni hiyo pia. Katika The Haunting of Hill House, ya mwaka 1959, Eleanor amelala gizani akiushika kwa nguvu mkono wa mwenzake wakati sauti ya mtoto inalia chumba cha pili. Taa inapowaka anamwona mwenzake kitanda cha mbali. Jackson hasemi mkono ule ulikuwa wa nani, na hadithi inaendelea.

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Mombasa, kuhusu ufundi wa kuficha nakubaliana nawe bila masharti. Lakini naomba uitazame tena ile sehemu ya kifuta machozi. Sheria ya Uingereza ya kuwafidia wafanyakazi wanaoumia kazini ilipitishwa mwaka 1897, na Jacobs alichapisha hadithi yake mwaka 1902. Wasomaji wake walikuwa wanaishi katikati ya mabishano ya nani alipe mashine inapomla mtu, na sentensi ya yule mjumbe wa kampuni, ya kwamba hawakubali kosa ila wanatoa fedha, waliijua kama tunavyoijua sisi. Uchawi wa mkono wa nyani haukuleta fedha kutoka hewani. Uliipitisha njia iliyokuwapo tayari, njia ambayo kila familia ya mfanyakazi wa kiwandani iliiogopa. Ndiyo maana ombi la kwanza linauma kuliko yote. Hata hapo, ndugu yangu, mzuka una kwao.

Hill House ni hoja ngumu zaidi kwangu. Nyumba ile ina historia ya familia, vifo na ugomvi wa urithi, lakini nakiri kwamba kinachotisha ni upweke wa Eleanor, mwanamke aliyemuuguza mama yake miaka mingi na ambaye hana pa kurudi. Hicho ni kitabu cha kusoma hata kwa yule anayekataa hoja yangu yote.

Mchangiaji, Zanzibar

Assalamu alaykum wanajukwaa. Nimefurahi kuona mjadala umekwenda mbali, ila nashangaa kuona tumefika hapa bila kukitaja kitabu kimoja cha Kiswahili. Muhammed Said Abdulla, mwana wa hapa Unguja, alitupa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960, na tangu hapo mpelelezi wake, Bwana Msa, amekuwa jina la nyumbani. Mauaji yanafanyika mahali pa mizimu, watu wote wanatazama upande wa mizimu, na Bwana Msa na kiko chake anatazama upande wa watu. Ni riwaya ya upelelezi, nakubali, lakini anayetaka kujifunza jinsi ya kujenga mahali pa kutisha kwa Kiswahili kizuri aisome.

Said Ahmed Mohamed naye aliandika Babu Alipofufuka, ya mwaka 2001, ambamo mtu mwenye cheo na mali, aitwaye K, anatembelewa na babu yake aliyekwisha kufa. Huyo ni mzuka mwenye kwao hasa, maana babu anakuja kudai hesabu ya nchi ilivyotumiwa na wajukuu.

Nikiongeza la hapa kwetu, mwaka 1995 Pemba na kisha Unguja zilikumbwa na hofu ya Popobawa, jini lililosemwa kwamba huwavamia watu vyumbani usiku. Watu walihama vyumbani wakalala nje kwa makundi, wakikesha kando ya moto. Mwaka huo ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miongo mitatu, na wapo watafiti walioihusisha hofu ile na hali ya siasa. Mimi siamini kwamba maelezo ya siasa yanamaliza kila kitu kilichosemwa na waliolala nje siku zile, na sipendi wanapochekwa. Lakini mwandishi anayetaka kisa chenye asili, kisa kipo, na wazee waliokiishi wapo.

Mleta uzi

Wa alaykum salaam, ndugu wa Zanzibar. Umegusa jambo ambalo limenikaa rohoni kwa muda mrefu, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Kama kuna kisa kimoja cha Afrika Mashariki kinachostahili riwaya kubwa ya kutisha kwa Kiswahili, kwangu mimi ni mumiani. Mwaka 2000 mwanahistoria Luise White alichapisha Speaking with Vampires, kitabu cha kitaaluma kilichokusanya habari za wanyonya damu zilizovuma enzi za ukoloni kuanzia Nairobi na Kampala hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) na Katanga, Kongo. Wapenzi wengi wa riwaya za kutisha hawajakisoma kwa sababu si riwaya, na ni hasara kubwa. Waliosimuliwa kuwa wanyonya damu mara nyingi walikuwa wazimamoto, watu wenye sare, magari na vifaa vya serikali, wanaosemwa kwamba huwakamata wapita njia usiku, huwaweka mashimoni na kuwatoa damu. Katanga waliitwa batumbula. White hakuwauliza wazee kama mambo yale yalikuwa kweli au uongo. Aliuliza ni nini kilichokuwa kikisemwa kwa njia hiyo, kuhusu kazi, hospitali, ardhi na mwili wa mtu mweusi chini ya dola ambayo haikumweleza inamfanyia nini.

Sasa itazameni hali hiyo kwa jicho la mwandishi. Mji unakua, watu wanatoka bara kutafuta kazi, hawana ndugu pale mjini, na akitoweka mmoja hakuna wa kumuulizia. Gari linapita usiku. Hospitali inachukua damu kwa sindano na haisemi inaipeleka wapi. Hakuna haja ya kubuni pembe wala mkia. Kinachohitajika ni mtu mmoja aliyeajiriwa zimamoto, mwenye mke na watoto, anayerudi nyumbani jioni akakuta majirani wameacha kumwitikia salamu, na msomaji asijue mpaka mwisho kama majirani wanakosea.

Hadithi za majini na wachawi za magazetini, ambazo zimewafundisha wengi wetu kupenda kusoma na ambazo nazitetea mbele ya yeyote, mara nyingi huishia pale mganga anapomtaja mbaya wetu. Nafasi iliyobaki wazi ni ya kuuliza mbaya huyo alipata wapi nguvu zake, na nani wengine walifaidika.

Mchangiaji, Dodoma

Wakuu, mimi ni msomaji mgeni wa fani hii na kazi yangu hainiachii muda wa kitabu kinene. Moyo wangu pia si mgumu sana. Naomba mnielekeze nianzie wapi, na kama kuna mwandishi Mwafrika wa kutisha mnayemwamini.

Mchangiaji, Mombasa

Dada au kaka wa Dodoma, hadithi fupi ndizo za kuanzia, na hapa naungana na mleta uzi kuhusu Enriquez. Mkusanyiko wake wa Things We Lost in the Fire una hadithi kuhusu Mto Riachuelo wa Buenos Aires, mto uliooza kwa taka za viwanda, ambamo polisi wamewatupa vijana wa mtaa wa mabanda wakazama. Mwendesha mashtaka mwanamke anayeishughulikia kesi hiyo anaambiwa kwamba mmoja wa vijana hao ametoka mtoni na kurudi mtaani, naye anakwenda mwenyewe kutazama. Sisi wa pwani tuliokatazwa kuogelea mahali fulani kwa ajili ya chunusi, yule jini wa majini anayezamisha watu, tutaisoma hadithi hii kwa namna yetu.

Mleta uzi

Naunga mkono. Wa Dodoma, ukitaka riwaya yenye mwendo mwepesi zaidi, soma Mexican Gothic ya Silvia Moreno-Garcia, ya mwaka 2020. Binti wa mjini, mwenye akili na mavazi mazuri, anakwenda kumtazama binamu yake aliyeolewa na familia ya Kiingereza iliyotajirika kwa mgodi wa fedha milimani, na nyumba yao ina ukungu na uyoga ukutani ambao mwandishi ameutumia vizuri mno. Nusu ya kwanza ina utulivu, kwa hiyo usikate tamaa.

Kwa upande wa Afrika, mtafute Nuzo Onoh, mwandishi mwenye asili ya Nigeria anayeishi Uingereza, ambaye chama cha waandishi wa kutisha wanaotoa Tuzo za Bram Stoker kilimpa tuzo ya heshima ya mchango wa maisha kwa mwaka 2022. Mizuka yake ni ya Waigbo, inarudi kwa sababu ya maziko yasiyofanywa inavyostahili na dhuluma za ndani ya ukoo, mambo ambayo msomaji wa huku hahitaji kufafanuliwa. Amos Tutuola alikwisha kututangulia kwenye njia hiyo mwaka 1954 kwa My Life in the Bush of Ghosts, ambacho kinaanza na mtoto anayekimbia vita vya wateka watumwa na kuingia katika msitu wa mizuka. Kiingereza chake kina mapigo ya Kiyoruba, na ukikisoma kwa sauti kinakolea zaidi.

Na kama bado una usiku mmoja wa ziada, chukua The Ballad of Black Tom ya Victor LaValle, ya mwaka 2016, ambayo ni fupi. H. P. Lovecraft, mwandishi wa kutisha wa Marekani, aliandika hadithi kuhusu mtaa wa wahamiaji wa New York iliyojaa chuki dhidi ya watu wa rangi, na LaValle ameichukua hadithi hiyohiyo akaisimulia kutoka upande wa kijana mweusi wa Harlem, mwaka 1924, anayebeba gita ili apite mitaani bila kusumbuliwa. Polisi wanafanya jambo moja nyumbani kwa baba yake, na baada ya hapo mambo ya kutisha ya Lovecraft yanaonekana madogo. Ukimaliza, rudi hapa utueleze umeonaje. Wa Zanzibar naye nitamwomba, akipata nafasi, atuwekee zaidi kuhusu riwaya nyingine za Bwana Msa, maana bado hatujazigusa.